Walioachwa Nyumbani Siku ya Mtihani

Kunegunda alikuwa anafuta ubao wakati Sista Notburga alipoingia darasani, uso umechangamka, na kumwambia kwamba shule zote za vijiji vya upande wa Matogoro zimepata mkuu wa walimu. Kijana hodari, alisema Sista, anakijua Kijerumani, anaimba vizuri, na tena ni mtu wa hukuhuku. Jina lake Rupert.

"Kesho atakuja kukagua darasa lako. Mbona umenyamaza?"

"Vumbi la chaki, Sista. Limenikaba."

Vumbi halikuwa na kosa. Kunegunda alikuwa amemwona huyo Rupert kanisani siku chache nyuma, kanzu nyeupe, kofia mkononi, akikohoa kidogo kabla ya kuanza wimbo, na pale pale akaketi, watu wote wakiwa wamesimama. Mwenzake alidhani ni njaa ya mfungo. Naye hakukosea sana, maana ilikuwa ni njaa, ila ya miaka mingi iliyopita.

Enzi hizo hakuwa Kunegunda. Alikuwa Tabu, mtoto wa kwanza wa Komba mhunzi, na nyumba yao ilikuwa chini ya milima ya Matogoro, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Vita vya Maji Maji vilipoingia Ungoni, Komba aliacha nyundo yake akaenda na wenzake. Hakurudi. Waliomwona wa mwisho walisema alianguka kwenye mapigano ya kwanza kabisa, ile dawa ya maji ikiwa haijakauka kifuani.

Baadaye vita viligeuka. Askari wa boma la Wajerumani waliacha kuwatafuta watu, wakatafuta chakula. Waliingia kijiji baada ya kijiji wakichoma ghala na kufyeka mihogo ikiwa bado michanga. Wanawake wa kwao Tabu walikuwa wameliona hilo mapema. Walibeba ulezi na mahindi yao wakapanda hadi kwenye korongo moja la Matogoro, mahali penye miti mikubwa, wakasuka vihenge vipya vya kuwekea nafaka na kuvifunika kwa majani. Mwanamume aliyewasaidia kusuka alikuwa mmoja tu, kijana wa jirani ambaye mguu ulimuuma hivyo hakuchukuliwa vitani. Alikuwa stadi wa kusuka. Kila siku mama yake Tabu alimpakulia ugali kabla ya watoto wake mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mfanyakazi.

Kijana huyo ndiye aliyewaleta askari.

Tabu alikuwa juu ya jiwe, anachuma matunda ya mwitu, akawaona wanavyopanda. Kijana alikuwa mbele, hachechemei hata kidogo. Alikohoa, akanyoosha mkono, akaanza kuvionyesha vihenge kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemtembeza mgeni shambani kwake. Askari wakatia moto. Harufu iliyotoka ilikuwa nzuri, harufu ya ulezi unaokaangwa, na Tabu, Mungu amsamehe, mate yalimjaa mdomoni.

Msimu uliofuata hakukuwa na mbegu. Watu walikula mizizi, wakala ngozi za kukalia. Mdogo wake wa kunyonya alitangulia, maziwa ya mama yalipokauka. Akafuata mdogo wake mwingine, wa kiume. Mama alikuwa wa mwisho, na Tabu alimfukia kwa jembe ambalo baba yake alilifua, kaburi fupi lisilotosha, kwa kuwa mikono haikuwa na nguvu ya kuchimba zaidi. Halafu akashuka barabarani akakaa. Masista waliokuwa wanapita na machela ya wagonjwa ndio waliomwokota.

Walimlisha, wakamfundisha kusoma, wakambatiza. Alijifunza kwa kasi iliyowashangaza, na alipokuwa binti mkubwa wakampa darasa la watoto katika kijiji kimoja chini ya Matogoro. Walisema ana moyo wa utulivu. Kwa miaka yote hiyo hakumwambia mtu yeyote jina la yule kijana, kwa sababu aliamini amekwenda mbali pamoja na askari wa boma, labda pwani, na mtu aliye mbali huwezi kumfanya kitu.

Kumbe naye alikuwa amebatizwa, katika misheni nyingine, na sasa amerudi kuwa mkubwa wake.

Rupert alifika kesho yake akiwa juu ya punda wa misheni. Kunegunda alimwamkia kwa adabu zote. Alimtazama machoni makusudi, aone kama kutakuwa na kitu. Hakikuwapo. Aliyekuwa mtoto wa kukonda, tumbo limevimba, sasa ni mwalimu wa kike aliyevaa gauni la masista, na Rupert kwa hesabu yake aliamini nyumba ya Komba ilikwisha yote.

"Darasa lako zuri, Mwalimu," alisema baada ya kusikiliza watoto. "Ila nina neno. Unaujua mtihani wa mwaka?"

Nani asiyeujua? Kila mwaka, baada ya mavuno, watoto wa shule zote za vijiji walikusanywa misheni. Padre Beda, mwenye kusimamia shule, alikuwa ndiye aliyeuanzisha. Alitundika ukutani karatasi kubwa yenye maandishi, watoto wakasoma kundi kwa kundi, halafu imla, halafu hesabu. Mtihani ulikuwa uleule kila mwaka, maneno yaleyale, hesabu zilezile. Walimu walipomuuliza kwa nini habadilishi, Padre alijibu kwa Kiswahili chake cha polepole: "Nataka kujua kama watoto wa mwaka huu wanajua kuliko wa mwaka jana. Nikibadili maswali, sitajua kilichobadilika ni watoto au ni maswali." Wakimaliza, aliandika kwenye ubao wa barazani waliofaulu mwaka jana ni sehemu gani ya watoto, na mwaka huu ni sehemu gani, kila mtu aone. Habari hiyo ilipelekwa hadi boma, na boma lilitoa zawadi kwa shule zilizopanda.

"Naujua," Kunegunda akasema.

"Basi wale watatu wa nyuma," Rupert alionyesha kwa kidole, "yule anayekodoa macho, na yule Leo wa Lukresia, na yule binti mwenye kigugumizi. Siku ya mtihani wanaumwa."

"Wazima kabisa hao."

Rupert akakohoa, akatabasamu. "Watakuwa wanaumwa, Mwalimu. Mtoto asiyekuja hahesabiwi. Hao wengine wafundishe karatasi ya ukutani kwa kichwa, neno kwa neno. Unayo maneno yake?"

"Ninayo."

"Mwerevu wewe. Tutakwenda vizuri."

Alipanda punda wake akaondoka. Kunegunda alibaki amesimama mlangoni akitazama kile kidole, maana bado alikuwa anakiona. Kilikuwa kimewaonyesha watoto watatu mmoja mmoja, taratibu, vilevile.

Angeweza kwenda kwa Padre Beda siku hiyohiyo. Alilifikiria. Padre angemwita Rupert ofisini, angemkaripia, pengine angemhamisha kijiji, na mambo yangekwisha kwa sala na kwa kupeana mikono. Hapana. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye kiti hujipangusa akainuka. Kunegunda alitaka aanguke kutoka juu ya paa, mchana, watu wakitazama. Na kwa kuwa paa hakuwa nalo, itabidi yeye mwenyewe amjengee.

Mwaka ule watoto watatu "waliumwa". Wengine wote walifaulu. Kijiji cha Kunegunda kikawa cha kwanza, na shule zote za Rupert zikapanda kutoka chini ya nusu hadi karibu robo tatu. Padre Beda aliandika ubaoni, akarudi nyuma hatua kadhaa kuutazama ubao kwa furaha ya mkulima aliyeona shamba limeshika. Kunegunda alimpongeza Rupert mbele ya walimu wote.

Kisha akaanza kumsaidia kwa bidii. Yeye ndiye aliyekwenda kwenye vijiji vingine kuwafundisha walimu jinsi ya kuimbisha karatasi ya ukutani mpaka watoto wanaiota. Yeye ndiye aliyemwambia Rupert kwamba katika kijiji fulani kuna watoto wazito wengi, afadhali nusu yao wabaki. Walimu walifuata, kwa kuwa zawadi za boma zilikuwa nguo na chumvi na kila mtu alizihitaji. Rupert alimwona kama lulu. Alimletea kitambaa cha kichwa. Kunegunda alikikunja akakiweka chini ya mkeka, hakukivaa hata siku moja.

Kitu kimoja tu kilimsumbua katika mwaka huo. Leo, mtoto wa Lukresia, alikuwa anaanza kuelewa herufi. Alikuwa mzito, lakini alikuwa anakuja, kama mbegu iliyochelewa mvua. Angekaa naye kila siku baada ya darasa, angefika. Hakukaa naye. Muda huo alikuwa vijijini akimjengea Rupert paa lake. Alijua anachokifanya, na alikifanya.

Lukresia mwenyewe alimfuata mtoni siku moja. Alikuwa mwanamke mrefu, sauti kubwa, mjane wa vita kama wengine.

"Mwalimu, mwaka jana waliniambia mwanangu mgonjwa asije misheni. Mimi ndiye ninayemlaza na kumwamsha. Ugonjwa huo niliuonea wapi?"

"Wapo wengi kama Leo," Kunegunda akamwambia. "Kila kijiji. Wamefichwa ili hesabu ionekane nzuri."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya Rupert."

Lukresia alitua mtungi chini. "Na wewe je? Umefanya nini?"

"Nangoja. Mwaka huu anakuja mkubwa kutoka boma kuona kwa macho yake. Siku hiyo nataka watoto wote waliofichwa waje. Wote, dada. Mimi nikizunguka nitajulikana. Wewe ukizunguka, ni mwanamke anayetafuta mbegu za kubadilishana."

Lukresia alijitwika tena mtungi wake. Alikuwa na mashaka, ilionekana, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko mashaka. Akasema atakwenda.

Siku ya mtihani jua lilikuwa kali na uwanja wa misheni umefagiwa mpaka unang'aa. Mkubwa wa boma alikuja na askari wake na mkalimani, akawekewa kiti kivulini kwenye baraza. Padre Beda alikuwa amevaa kanzu mpya. Ilikwisha kusemwa kwamba shule za Rupert zikipanda tena, Rupert atapelekwa Dar es Salaam akaonyeshwe kwa wakubwa, kama ushahidi wa jinsi nchi iliyokuwa ya vita ilivyogeuka kuwa nchi ya kusoma. Rupert alikuwa amepaka viatu mafuta. Alipita mbele ya mistari ya watoto wake, akirekebisha kola ya huyu, akifuta pua ya yule.

Kunegunda ndiye aliyepewa kazi ya kutundika karatasi ya ukutani na kushika fimbo ya kuonyeshea maneno. Rupert mwenyewe alikuwa amempendekeza.

Kundi la kwanza likasimama. Watoto walivuta pumzi, wakaanza kwa sauti moja: "Baba anakwenda shambani. Mama anatwanga mahindi. Ng'ombe wako zizini." Fimbo ilikuwa inapita juu ya maneno. Mkubwa wa boma alitikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Padre Beda alitabasamu hadi masikio yakasogea.

Hapo Kunegunda akaweka fimbo chini. Akashika pembe za karatasi kwa mikono miwili, akaing'oa, akaikunja. Nyuma yake ukabaki ukuta mtupu wa udongo uliopakwa chokaa.

Watoto hawakusita. Macho yao yalikuwa mbele, kwenye ukuta, na walisoma ukuta. "Mvua imenyesha. Ulezi umekomaa. Kihenge chetu kimejaa. Watoto wanafurahi."

Walipomaliza, akasikika farasi wa mkubwa wa boma akitafuna hatamu. Mkalimani alianza kucheka, akaona uso wa bwana wake, akakimeza kicheko.

"Tena," mkubwa wa boma akasema, na mkalimani akatafsiri. "Kundi jingine."

Kundi la pili likausoma ukuta. La tatu pia. Mtoto mmoja mdogo wa kundi la nne aligundua hakuna karatasi, akageuka kumtazama mwalimu wake aliyekuwa anatokwa jasho, na kwa kuwa hakupata ishara yoyote, naye akausoma.

Rupert alipiga hatua mbele. "Padre, huyu mwanamke amechanganyikiwa. Watoto wanajua, ni woga tu..."

"Padre," Kunegunda akasema, bila kupandisha sauti, "hawa ndio waliokuja. Kuna na wengine."

Akanyoosha mkono kuelekea njia inayoshuka kutoka Matogoro.

Walikuwa wanashuka. Lukresia alikuwa mbele, na nyuma yake mstari wa watoto na mama zao uliopinda na njia hadi ukapotelea kwenye miti. Walikuwa wengi kuliko Kunegunda alivyotarajia. Walikuwapo viwete, na wenye macho mabovu, na wakubwa waliopita umri, na wengine wengi wasio na kasoro yoyote ila uzito wa kuelewa. Walipofika uwanjani walijaa mpaka mistari mizuri ya Rupert ikavurugika.

Rupert alikimbia kuwazuia langoni. "Rudini! Nani kawaita?"

"Sisi si wagonjwa," Lukresia akamwambia, akampita.

Padre Beda alimshika mtoto wa karibu begani. "Wewe unasoma shule gani?"

"Ya kwa Mwalimu Rupert."

"Mwaka jana ulikuwa wapi siku ya mtihani?"

"Niliambiwa naumwa."

Akamuuliza wa pili, wa tatu, akaacha kuuliza. Uso wake ulikuwa umepauka. Alikwenda ofisini, akarudi na kitabu cha sala, akafungua ukurasa wowote, akaamuru watoto wote wapimwe upya, waliokuja kwanza na walioshuka mlimani, kwa maneno ambayo hakuna aliyeyajua.

Ilichukua mchana mzima. Wachache walisoma. Waliobaki walikwama. Leo wa Lukresia aliitwa, akasimama mbele ya mkubwa wa boma na askari na umati wote, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akatamka herufi mbili, akanyamaza. Alijaribu tena. Halafu machozi yakamtoka na mkojo pia, na watoto wa mistari ya mbele wakacheka. Lukresia alikwenda akamchukua. Alipopita karibu na Kunegunda alisimama.

"Ulijua itakuwa hivi?"

Kunegunda aliinama kuokota fimbo aliyoiweka chini.

"Ulijua," Lukresia akasema. "Umeniita nimlete mwanangu aje avuliwe nguo mbele ya watu, kwa sababu ya ugomvi wako na huyu mtu. Haya. Umepata."

Padre Beda alikwenda ubaoni. Mwaka jana: karibu robo tatu. Akafuta. Akaandika mwaka huu: hata sehemu moja katika tano haikufika. Shule zilikuwa chini kuliko zilivyokuwa mwaka wa kwanza wa mtihani, na kila aliyejua kusoma uwanjani aliyasoma hayo.

Mkubwa wa boma hakukemea. Aliinuka, akapangusa suruali, akasema maneno machache. Mkalimani akayatoa kwa Kiswahili: Rupert amemdanganya yeye, na ameliibia boma chumvi na nguo. Hamsa wa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kisha barabara ya Tunduru, kuvunja mawe, mpaka boma litakaposema basi.

Walimfunga kwenye nguzo ya baraza wakisubiri kiboko. Kunegunda alimsogelea karibu mpaka akasikia pumzi zake. Askari walimwachia, wakidhani anakwenda kumwomba radhi au kumwombea.

"Mwalimu," Rupert alinong'ona, "nimekukosea nini mimi? Nilikupandisha. Nilikusifu kwa Padre."

"Hujanijua."

"Wewe ni Kunegunda."

"Mimi ni Tabu. Binti Komba mhunzi."

Alikitazama kile alichokisubiri miaka yote kikiingia machoni mwake. Kwanza hakikuingia. Kisha kikaingia chote kwa mara moja, na Rupert akaanza kutikisa kichwa kama mtu anayekataa dawa.

"Komba... hakubaki mtu pale."

"Nilibaki mimi. Nilikuwa juu ya jiwe. Ulikohoa kwanza, kisha ukaonyesha. Mama alikuwa anakupakulia wewe kabla yetu."

"Walinishika, dada yangu. Wallahi, walinishika njiani. Walisema nisipoonyesha watanitundika."

"Basi wangekutundika."

Alisema hivyo tu, akarudi nyuma kuwapisha askari. Wanawake wengine waligeuza nyuso kiboko kilipoanza. Sista Notburga aliingia kanisani. Kunegunda alisimama hadi kiboko cha mwisho, mikono imekunjwa mbele, akihesabu pamoja na mkalimani. Hakujisikia mgonjwa, wala hakulia. Siku hiyo alikula chakula chote alichopakuliwa, akaomba kingine, akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu utoto. Wapo watakaosema ingefaa moyo umsute. Haukumsuta, si kwa upande wa Rupert.

Kwa upande wa Leo ulimsuta. Alikwenda kwa Lukresia akakuta mlango umefungwa. Akarudi tena akaukuta vilevile. Msimu mzima Lukresia alimpita mtoni kama anavyokipita kisiki.

Misheni nayo haikumshukuru. Padre Beda alimwita ofisini. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Ulijua tangu mwaka jana," alisema. "Ungeniambia."

"Ungemsamehe, Padre."

"Ndiyo. Ningemsamehe."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Padre alikaa akichezea kalamu. Mwisho akasema kwamba hesabu zote za nyuma zimekufa, hazifai kitu, na wataanza upya kuanzia mwaka huu. Watoto wote watapimwa, mgonjwa atafuatwa kitandani. Maneno ya kusoma yatakuwa mapya kila mwaka, lakini yenye uzito uleule, na atayatunga yeye na Sista, mlango umefungwa. Kama adhabu yake, Kunegunda ataacha darasa lake la watoto wepesi. Atachukua wale walioshuka mlimani, wote wanaoweza kufika kwa miguu.

"Ni adhabu hiyo?" Kunegunda akauliza.

"Utaona mwenyewe," Padre akasema.

Alikiona. Ilikuwa kazi ya kukata tamaa. Wiki nzima inapita kwa herufi moja. Katika mtihani wa kwanza wa utaratibu mpya watoto wake walipanda kidogo mno, kama uzito wa unyoya. Wa pili wakapanda tena kidogo. Hakuna mtu wa boma aliyekuja kuona. Lakini Leo alisoma sentensi nzima katika mtihani ule wa pili, sentensi ambayo hakuwahi kuiona, akaisoma tena bila kuambiwa kwa kuwa hakuamini masikio yake. Jioni Lukresia alikuja na togwa ndani ya kibuyu, akakiweka mlangoni kwa Kunegunda, akaondoka bila kuagana. Wiki iliyofuata aliagana.

Rupert alirudi vita vikubwa vya Wazungu vilipoanza, wakati barabara zilipohitajiwa na wanajeshi na wafungwa wa kazi wakaachiwa au wakafanywa wapagazi. Alirudi akichechemea kwelikweli, kwa mguu uliovunjwa na jiwe. Alioa mjane mmoja wa upande wa Madaba, akalima. Hakuimba tena kanisani.

Mjane huyo alikuwa na binti wa ndoa yake ya kwanza, na baadaye akazaa binti wa pili na Rupert. Huyo wa pili alipofikia umri wa kusoma, nchi ilikwisha kuwa na watawala wengine, na Kunegunda alikuwa ndiye mwalimu mkuu wa shule ile chini ya Matogoro. Mama wa mtoto alimleta akiwa amemshika mkono kwa nguvu, kama anayemleta mahakamani.

"Shikamoo, Mwalimu. Naambiwa utamkataa."

Kunegunda alimtazama mtoto. Paji la uso lilikuwa la Rupert, na macho, na hata alikohoa kidogo kabla ya kutaja jina lake. Kunegunda alifungua daftari la majina, akaliandika.

"Kaa pale, mstari wa mbele," akamwambia mtoto. Kwa mama akasema, "Aje kila siku. Siku ya mtihani pia, hata akiumwa."

Mtoto huyo alikuwa mwepesi. Alifaulu kila mwaka, na Kunegunda alimsahihisha kwa haki, bila kumwongezea wala kumpunguza. Siku alipochaguliwa kwenda shule ya kati, Rupert alikuja shuleni na fimbo yake, nywele zimekuwa nyeupe, akasimama uani kofia mkononi.

"Nimekuja kushukuru, Mwalimu."

Kunegunda alikuwa anakusanya vibao vya watoto. Aliendelea kuvikusanya, akavipanga kabatini, akafunga kabati, akapita mbele ya Rupert kuelekea nyumbani kwake, kama vile uani hapakuwa na mtu. Kesho yake Rupert alikuja tena, akapata hilohilo. Hakurudi mara ya tatu.

Walikaa kijiji kimoja hadi Rupert alipokufa. Walikutana njiani, kisimani, kwenye misiba ya watu. Mapadre wawili tofauti walimwomba Kunegunda ampe mkono walau siku ya Pasaka, na wote wawili aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia, "Mama yangu hajaniruhusu." Rupert alipozikwa, Kunegunda alimwombea binti wa marehemu ruhusa ya wiki mbili katika shule ya kati, akampelekea mahindi na ulezi wa matanga, makapu mawili yaliyojaa. Kaburini hakwenda.